Vuta Taratibu

Gari linalosukumwa bado lina heshima yake. Vijana wanne wameinama nyuma, jasho linawatoka, dereva amekaa tayari na gia ya pili, na kila mmoja anaamini kwamba hapo mbele kidogo litawaka. Gari linalovutwa kwa kamba limeshapita hatua hiyo. Limekiri mbele ya umma. Watoto wanakimbia nalo sambamba, wauza mahindi ya kuchoma wanaacha kupepea moto, na abiria wa daladala wanageuza shingo wote kwa pamoja: wanatazama gari la mbele, wanaifuata kamba kwa macho, wanamalizia kwenye uso wako. Uso huo huna pa kuuficha, kwa sababu unatakiwa kutazama mbele.

Pole zote, tena, zinakwenda kwa anayevuta. "Pole na kazi, dereva!" "Huyu jamaa ana utu!" Wewe wa nyuma unahesabiwa mzigo tu. Mimi nimevuta, nimevutwa, na nimetembea pembeni ya mali yangu ikivutwa na wengine, na msimamo wangu sitaubadilisha: anayevuta ana injini au ana misuli, basi. Kazi nyingine yote, ya akili, ya breki, ya dua, na ya kulinda undugu usivunjike, anaifanya anayevutwa.

Tuanze na kuhama nyumba kwa mkokoteni, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoingilia fani hii. Nilihama kutoka Kariakoo, mtaa ambao hata jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo mizigo pale ina historia ndefu kuliko maghorofa. Mvutaji aliingia katikati ya mikono miwili ya mkokoteni, akaegemea mbele, na friji, kabati, godoro na ndoo vikaanza kumfuata. Mimi nilibeba kioo. Sijui nani alipitisha sheria hiyo, lakini kila anayehama Dar es Salaam hubeba kioo cha kabati mwenyewe, kwa mikono, kimetazama nje, ili majirani wanaochungulia unachomiliki wajione wakichungulia.

Kwenye tambarare mambo yalikuwa mazuri. Kwenye mteremko ndipo mzigo ulipoanza kuwa na maoni yake. Mkokoteni hauna breki. Kule Nairobi wenzetu hufunga vipande vya tairi kuukuu chini ya mkia wake. Mteremko ukifika, mvutaji anainua mikono ya mbele juu, mkia unashuka, tairi zinasugua lami na mwendo unapungua. Ni ufundi mzuri, isipokuwa mzigo ukimzidi mvutaji uzito, miguu yake huiaga barabara na yeye mwenyewe anakuwa bendera. Mkokoteni wangu haukuwa na tairi za mkiani. Ulikuwa na mimi. "Bosi, shika nyuma!" alipiga kelele, nami nikashika nyuma kwa mkono mmoja, kioo kwa mwingine. Kwa muda mfupi friji, mvutaji, kioo na mwenye mali tulikuwa na nia moja, na nia hiyo ilielekea moja kwa moja kwa muuza chipsi. Muuza chipsi, mtu mwenye uzoefu, aliondoa karai la mafuta kwanza, kisha mteja, kisha yeye mwenyewe. Mkokoteni ukasimama kwenye gunia la viazi. Kioo kilipona. Friji mpaka leo mlango wake unafungwa kwa goti.

Mataifa makubwa nayo yamepita njia hii. Mwaka 1915 Wajerumani walikuwa wanalitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao, na Waingereza wakaona dawa ni kupeleka mashua mbili za injini zikapigane nazo. Ugumu ni kwamba ziwa lile liko katikati ya bara, na mashua zilikuwa London. Zikapakiwa melini hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga, na hapo reli ikasema kwaheri. Kutoka hapo zilivutwa nchi kavu. Injini mbili za mvuke, maksai, na umati wa watu, kupanda na kushuka milima ya Mitumba, huku madaraja yakijengwa njiani kwa magogo. Injini za mvuke zilikuwa na kiu isiyoisha, na wanawake wa vijiji vya karibu ndio waliobeba maji vichwani kuzinywesha. Yaani vita vya majini vilifika ziwani kwa ndoo.

Lakini kinachonichekesha zaidi ni majina. Kiongozi wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, mtu ambaye kule ziwani alijulikana kwa kuvaa sketi, alipendekeza mashua ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Akarudi na majina Mimi na Toutou, yaani paka na mbwa kwa lugha ya watoto wa Kifaransa, wakakubali bila kutabasamu. Hakuna aliyemuuliza Mswahili. Nawaza tu msimamizi mmoja pale porini, mvua inanyesha, mtu amekuja mbio kutoka nyuma ya msafara.

"Nani amekwama kwenye tope?"

"Mimi, bwana."

"Si wewe! Mashua ipi?"

"Mimi!"

"Haya, na nani avutwe kwanza?"

Tarehe 26 Desemba 1915, baada ya miezi yote ile ya kamba, mashua hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na mapigano yenyewe yalikwisha kwa dakika chache. Ukikisoma kisa hiki kwenye vitabu utasikia sifa za injini na za maksai. Mimi, ambayo ilifika ziwani bila kutoboka, husikii mtu akiipa pole.

Nitaupita haraka mchezo wa kuvuta kamba, ambao Olimpiki waliucheza kuanzia 1900 mpaka 1920 wakauacha, na sisi tukauhifadhi kwenye michezo ya SHIMIWI, ambako watumishi wa umma waliovutana vikaoni mwaka mzima bila kamba hatimaye wanapewa kamba. Ni mchezo wa ajabu: anayeshinda ni anayerudi nyuma. Pale angalau pande zote mbili zinavuta na zote zinavutwa, kwa hiyo haki ipo.

Kwenye barabara ya Morogoro haki haikuwepo.

Tulikuwa tunarudi Dar es Salaam, mimi na mama mkwe, kwenye gari la shemeji, gari la otomatiki ambalo shemeji analipenda kiasi cha kulipigia simu kuuliza limelalaje. Tulipopita Ubena Zomozi kila kitu kilikufa kwa pamoja. Injini, redio, honi, taa, madirisha. Dirisha langu lilikuwa limeshuka nusu, la mama mkwe lote, na hivyo ndivyo yalivyobaki. Nilisogeza gia kwenye N, tukaserereka mpaka pembeni, na mama akasema kwa upole ule unaotisha, "Umezima ili tupumzike, baba?"

Lori la vitunguu lililokuwa linatoka Ruaha Mbuyuni likasimama. Mungu awabariki wanaosimama. Dereva alibaki kwenye usukani na muziki wake. Aliyeshuka ni utingo, kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu kwenye jua la mchana. Alifungua boneti, akaitazama injini kwa muda mrefu na kwa heshima, akaifunga.

"Kompyuta hii, braza. Magari ya siku hizi ni kompyuta."

Nikampigia shemeji. Alinyamaza kidogo, nadhani alikuwa anakaa chini. Halafu akatoa hukumu iliyotuongoza siku ile: "Vuteni tu mpaka Chalinze, kuna mafundi. Ila taratibu. Umenisikia shemeji? Taratibu."

Taratibu ni kipimo kisicho na namba. Kwa dereva wa lori mwenye vitunguu vinavyosubiriwa sokoni, taratibu ni sitini. Kwa mama mkwe, taratibu ni mwendo ambao mtu anaweza kuwaamkia walio kando ya njia na akasubiri marahaba. Mimi nilikuwa nimefungwa katikati ya maana hizo mbili kwa kamba ya katani.

Kamba hiyo inastahili kuzungumzwa. Mkonge si mwenyeji wetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na kati ya miche 1,000 iliyoanza safari, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Wajukuu wa hiyo 62 walienea Tanga na Morogoro mpaka mwaka 1964 nchi ikazalisha tani zipatazo 230,000. Ukoo wa namna hiyo huna haki ya kuutilia shaka. Ila kamba ya utingo, iliyokuwa imeshafunga magunia, turubai, na nadhani mbuzi, ilionekana kutoka upande wa ile 938 iliyofia njiani. Isitoshe, katani haina subira. Nailoni huvutika kwanza, inakupa nafasi ya kujiandaa. Katani hukuletea habari zote kwa mkupuo mmoja. Lori liliondoka, kamba ikanyooka, na kilemba cha mama mkwe kikahamia kiti cha nyuma bila yeye.

"Taratibu, baba."

"Si mimi, mama. Ni wao."

"Basi waambie."

Niwaambie kwa kitu gani? Honi ilikuwa imekufa. Taa zimekufa. Tukakubaliana kwa kupiga kelele kwamba utingo akae juu ya magunia akitutazama, na tukitaka kusimama mama atapunga kanga dirishani. Ulikuwa mpango mzuri. Mara ya kwanza mama alipopunga, utingo aliinuka, akatabasamu, akatupungia kwa mikono yote miwili.

Sasa wale wanaosema mvutwaji amekaa tu, waje hapa. Gari likizima breki hazifi, bali zinanyimwa msaidizi. Kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu hutegemea hewa inayofyonzwa na injini, kwa hiyo mikanyago miwili mitatu ya mwanzo ni ya akiba, na baada ya hapo ni paja lako peke yake. Usukani nao vivyo hivyo. Ufunguo usiuchomoe, maana usukani utajifunga na utaifuata miti. Na jicho lisiondoke kwenye kamba. Ikilegea, lori likaongeza mwendo, unapigwa mshtuko. Ikilegea zaidi, unaikanyaga kwa tairi zako mwenyewe. Ukishika breki sana, inakatika. Inatakiwa ushike kidogo, muda wote, ili ibaki imenyooka; yaani anayevutwa kwa ufundi ni mtu anayekataa kidogo kidogo njia nzima. Huku maganda ya vitunguu yakiingia kwa dirisha la mama na kutoka kwa langu, mengine yakiamua kubaki. Machozi yalinitoka. Mama mkwe aliyaona, akanipapasa bega. "Usilie, baba. Gari ni chuma tu."

Kamba ilikatika kwenye tuta la kwanza. Lori halikuhisi chochote isipokuwa, nadhani, nafuu. Likapotea na vitunguu vyake, utingo akiwa amelala chali juu, na kimya kikaingia garini. Mama alitoa tasbihi. Baada ya muda likarudi kinyumenyume, utingo akaunga fundo, tukaendelea. Ikakatika tena. Akaunga tena. Hapa nikagundua hesabu ambayo hakuna aliyenitahadharisha: kila fundo linakula kamba. Kila ikikatika tunaungwa karibu zaidi na lori. Mwanzoni nilikuwa naona lori zima na kipande cha mbingu. Baadaye naona bodi. Mwishowe nilikuwa naona maneno tu, yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu mbele ya pua zetu, na mama mkwe akayasoma kwa sauti, polepole, bila miwani.

"Mwenye wivu ajinyonge." Akatafakari. "Kwa kamba hii? Itamkatikia."

Ndipo tukakutana na trafiki. Alikuwa amesimama kwenye kibao cha hamsini na tochi yake ya kupimia mwendo, kijana nadhifu, na alipotuona aliielekeza tochi kwetu kwa mazoea, akaitazama, akaitikisa, akaishusha. Akanyoosha mkono. Lori likasimama. Mimi nikasimama kwa paja langu, nusu shubiri kutoka kwenye wivu.

"Mnaburutwa kutoka wapi?" aliuliza.

Nilikuwa nafungua mdomo. Mama mkwe alinitangulia.

"Hatuburutwi, mwanangu. Anayeburutwa ni mtu asiyetaka kwenda, kama mwizi au mtoto wa shule. Sisi tunataka kwenda. Tunavutwa."

Afande akavua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Nilikuwa nauliza tu, gari linalokokotwa linatakiwa liwe na..."

"Kukokotwa ni magunia ya mkaa," alisema mama. "Unaniona gunia?"

Afande alinitazama mimi, macho yake yakiomba msaada ambao sikuwa na mamlaka ya kuutoa. Akaomba kuona pembetatu ya tahadhari na mtungi wa kuzimia moto. Vilikuwepo; shemeji ni mtu wa aina hiyo. Akauliza dereva wa safari hii ni nani hasa, yule wa lori au mimi, na hilo likazua mjadala mfupi ambao utingo aliushiriki kutoka juu ya magunia. Kilichoamuliwa ni kwamba yule ndiye anayekwenda na mimi ndiye ninayesimama. Sijawahi kusikia maelezo bora ya kazi ile. Afande akavaa kofia. "Haya, nendeni. Ila taratibu."

Chalinze tuliingia tukiwa tumekaribiana na lori kiasi kwamba wapita njia hawakuiona kamba kabisa. Walidhani tumeligonga, na wakaanza kukusanyika. Fundi alitoka chini ya gari jingine, akajifuta mikono, akafungua boneti. Hakuitazama injini kwa heshima. Alifungua kiboksi kidogo cheusi pembeni, akachomoa kitu, akakiinua kwenye jua.

"Fyuzi."

"Fyuzi tu?" niliuliza.

"Fyuzi kubwa. Elfu tano."

Utingo alikohoa, akaanza kukagua tairi za lori. Fyuzi ikabadilishwa, nikawasha, injini ikanguruma, redio ikarudi katikati ya tangazo, madirisha yakapanda. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe alifunga mkanda, akajitanda kanga vizuri, akasema bismillah. Nikaweka gia ya kwenda. Injini ilinguruma. Gari halikwenda. Nikaweka gia ya nyuma. Likalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye gari, na fundi akainua mkono haraka kwamba nizime.

"Hii otomatiki," alisema. "Mmeivuta kutoka wapi?"

"Ubena."

"Tairi za mbele zikiwa chini?"

"Zingekuwa wapi?"

Akanielezea kwa upole, kama mtu aliyezoea kutoa habari hizi. Oili ya giaboksi inasukumwa na pampu, na pampu inazungushwa na injini. Injini ikizima pampu imezima, lakini magurudumu yanaendelea kuzungusha gia ndani, kavu, kilomita kwa kilomita. Kwa hiyo kilichoharibika pale Ubena kilikuwa kitu cha elfu tano, na kilichoharibika kutoka Ubena mpaka hapa, bei yake aliona vizuri tumpigie mwenye gari kwanza tukiwa tumekaa.

Nikampigia shemeji. Nilisema fyuzi, akacheka kwa furaha. Nilisema giaboksi. Kimya kilikuwa kirefu, nikasikia kwa mbali mtu akimwuliza kama anataka maji.

"Shemeji," alisema hatimaye, "si nilisema taratibu?"

Fundi akasema hapo Chalinze giaboksi hiyo hawaigusi, lazima gari lipelekwe Dar es Salaam, na safari hii si kwa kamba bali kwa brekidauni, linapandishwa juu mzimamzima, tairi zote nne hewani. Lori la vitunguu lilikuwa linawasha. Dereva alishuka kwa mara ya kwanza, mtu mnene mcheshi, akakataa hela ya ahsante, na watu waliokusanyika wote wakamwambia pole na kazi. Mama mkwe alikuwa ameshashuka, anang'oa maganda ya vitunguu kwenye kilemba moja moja.

"Hiyo brekidauni," alimwuliza fundi, "mbele ina viti vingapi?"

"Viwili na dereva, mama."

"Basi mimi nitakaa mbele na dereva nimwonyeshe njia. Huyu," akanielekeza kidole, "akae kwenye gari, huko juu. Ameshazoea."